Mgongo wa Heshima

Ngoie, mutoto yangu,

Ukisoma mstari huo wa juu utageuza bahasha uangalie kama kweli ni yako. Ni yako. Mwandiko ni wangu, mimi tata yako, baba yako mzazi. Nimekaa barzani kwenye kiti changu cha chuma, wewe uko ndani unakunja nguo na mama yako, na basi ya Lubumbashi inaondoka kesho asubuhi. Tangu uzaliwe sijawahi kukuita mtoto wangu. Nimekuita mama mukwe. Nimekuita hivyo nyumbani, nimekuita hivyo barabarani hapa Musonoi, nimekuita hivyo mbele ya padri siku ya ubatizo wako, na watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Jana ndipo nilipoacha kucheka.

Mambo ya sufuria, ya kufunga mlango vizuri, ya kuchagua marafiki, sitayagusa. Mama yako anayasema tangu Pasaka na bado hajachoka. Mimi nina jambo moja tu: nimeshtuka, Ngoie. Nimeshtuka mpaka sasa. Ninaandika Swahili ya kanisani, ile ya kunyoosha maneno, kwa sababu ile yetu ya nyumbani nikiiona kwenye karatasi inanichekesha na leo sitaki kucheka. Ikinitoka, utanivumilia.

Wewe unajua kazi yangu. Maisha yangu yote nimelipua miamba kule kwenye kariyeri. King'ora kinalia, watu wanakimbia, sisi tunahesabu, ardhi inaruka, halafu vumbi. Nimesimama karibu na baruti mara nyingi bila kupepesa macho, mpaka wenzangu wananiita Jiwe. Jana Jiwe alikuwa amekaa hapa hapa barzani na sahani ya bukari mapajani, na maneno yako yakapita dirishani, na tonge likanikwama kooni. Nilifikiri nitakufa kwa bukari, eh Mungu wangu, mbele ya wageni.

Nikukumbushe ilivyokuwa upande wangu, maana wewe ulikuwa upande wa ndani. Tulikuwa tumetoka misa. Mama yako alipika samaki kwa ajili ya safari yako, majirani wakaja, na mjomba wako Banza, kaka wa mama yako, akaja na mdomo wake wote. Mlikula ndani, mimi nikala nje, kama siku zote, kwa sababu mkwe hali mbele ya mama mkwe wake, na wewe una jina la mama mkwe wangu. Nikamsikia Banza anaanza.

"Saikolojia ya batoto na bijana! Kintu gani ile? Mutoto ukimupa bukari anakomala. Unaenda kusoma vile bukari inakomalisha batu? Ungesoma mambo ya mawe, kazi iko hapa hapa ku mulango!"

Watu wakacheka. Hata mimi huku nje nilitabasamu, Banza ni mchokozi wa kuzaliwa. Halafu akauliza, "Sema kweli, mu iniversite unaenda kutafuta nini?"

Nikasikia kijiko kinawekwa chini. Nikasikia sauti yako, hata hukuipandisha.

"Mujomba, naenda kutafuta kintu moya tu. Nataka kujua mi nilikosea tata nini."

Wakacheka tena, wakidhani ni utani. Wewe hukucheka. Ukawaeleza taratibu, kama mwalimu, na kila neno lilinifikia.

"Mutoto mudogo akiona kintu yenye hajue, haangalie kwanza ile kintu. Anaangalia uso ya muzazi yake. Uso ikitulia, naye anatulia, anaendelea kucheza. Mi kila siku nilikuwa natafuta uso ya tata, nakuta mugongo."

Mama yako akaruka. "Aka, Ngoie! Ile ilikuwa buko! Ilikuwa heshima! Si uko na jina ya mama yangu?"

"Najua, mama. Nikiwa mukubwa nilielewa na kichwa. Lakini mutoto ya miaka tatu anajuaka buko?"

Ndipo ukasema lile ambalo limenikalisha hapa na kalamu. Ulisema ulifikiri usoni kwako kuna uchafu. Ulisema ukisikia sauti yangu barabarani nikirudi kutoka kazini, unakimbia nyuma ya nyumba kunawa, ili safari hii nisigeuke.

Yo! Ngoie. Maji yale nayakumbuka! Nilikuwa nafika nyumbani na vumbi la kariyeri mpaka masikioni, naenda kwenye pipa kuoga, nakuta maji yamepungua, nafoka. "Nani anamaliza maji ya pipa?" Na wewe ulikuwa umesimama pale, uso unang'aa, matone kidevuni. Nilikuona. Nikasema, "Yambo, mama mukwe," nikageuka, nikapita pembeni. Nilidhani ni mtoto anayependa kuchezea maji.

Sijui kama ulijua dirisha liko wazi. Nadhani ulijua. Wewe si mjinga.

Sasa ngoja nikueleze upande wangu, si kwa kujitetea, maana sina cha kujitetea. Nikueleze ili ujue mtu mwenye akili timamu anavyoweza kufanya upuuzi kwa miaka na kujisifu.

Nilipomuoa mama yako, nkambo yako Ngoie wa Lubudi, mama mkwe wangu wa kweli, alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Ukikutana naye njiani, unatoka njiani. Akikaa huku, wewe unakaa kule. Humwangalii machoni, huli mbele yake, humgusi, humtanii. Ndiyo buko, mkwe na mama mkwe wake, na kwetu mwanaume asiyeijua anaonekana hana wazazi. Mimi niliijua barabara. Akishuka kwenye treni ya Lubudi na vikapu vyake, natuma watu wampokee, mimi niko ng'ambo ya njia, nimeinama, nimempa mgongo. Wakwe wote walinisifu. Huyu kijana ana adabu!

Ukazaliwa wewe, ukapewa jina lake. Wanawake wakakuleta barzani kwenye kitambaa cheupe, wakapiga vigelegele, wakasema, "Mukwe, mama mukwe yako amefika!" Nikaruka kwenye kiti, nikakimbilia uani. Walicheka mpaka wakalia machozi. Nkambo yako mwenyewe alicheka, na alikuwa mtu mgumu wa kucheka. Nikaona nimepatia. Basi nikaendelea.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nilikuogopa. Ulikuwa mdogo hivi, shingo haijakaza, na mikono yangu ilizoea vyuma na mawe. Baba yangu alirudi kutoka kazini, alikula, alilala. Sikumbuki ameniuliza neno. Sikujua mwanaume anafanya nini na mtoto. Buko ikaniambia: usifanye kitu, kaa mbali, na watu watakusifu. Nikashukuru kweli. Nikajificha humo mchana kweupe na watu wanapiga makofi.

Unakumbuka siku ya mlipuko? Najua unakumbuka, maana jana ulipofika hapo ulisema tu, "Na ile siku ya king'ora," halafu ukaomba chumvi. Nitamaliza mimi. Nilikuwa na mapumziko, nimekaa hapa hapa. Wewe ulikuwa unacheza njiani, umeanza tu kukimbia vizuri bila kuanguka. Wenzangu walilipua na siku hiyo walitia baruti nyingi, mabati yalitetemeka, kikombe kikaanguka. Ukapiga kelele. Ukakimbia kwangu, mikono juu, moja kwa moja kwangu, mimi nikiwa mtu mzima wa karibu kuliko wote. Na mimi nikasimama, nikarudi nyuma ya kiti. Nikaita, "Mama Ngoie! Njoo ukamate mama yako, anataka kunivunjia buko!" Majirani wakaangua kicheko.

Ulisimama katikati ya ua. Hukulia tena. Nikasema moyoni, ona, mtoto jasiri, anatulia mwenyewe.

Anatulia mwenyewe! Nilisema hivyo, Ngoie. Mtu anayejua kupima ufa wa mwamba kwa kidole.

Halafu ukakua. Ukafika umri ule wa kufunga mlango. Ulikuwa ukinisikia unaingia ndani, nikipita unaangalia chini, ukiniletea chakula unapiga goti, unaweka sahani, unaondoka bila neno. Unajua nilifanya nini? Nilijisifu. Kazini, wakati wa kupumzika, wenzangu wakilalamika mabinti zao wanajibu vibaya, mimi nikasema, "Wapi! Wangu sasa ameshika buko naye. Tunaheshimiana." Nilisema tunaheshimiana. Wewe ulikuwa umekata tamaa na mimi, na mimi nikahesabu ni adabu. Leo nikifikiri sentensi ile naona aibu mpaka kwenye nywele.

Bado kuna moja, na hii ndiyo nzito. Mama yako haijui.

Nkambo yako, kabla hajafa, alinifungulia buko. Ulikuwa umeanza shule. Nilikwenda Lubudi kumpelekea dawa, nikamkuta amechinja kuku mwenyewe, amempika mwenyewe, ametandika mkeka. Nikasimama mlangoni nimeinama. Akasema, "Ingia, mukwe. Mi niko muzee. Sitaki kufa bila kuona vile mukwe yangu anakulaka." Nikakaa. Tukala sahani moja. Aliniangalia natafuna, akacheka, akasema nakula haraka kama mtu anayefukuzwa. Basi, buko yetu ikaisha pale, kwa kuku yule, kama desturi inavyotaka.

Nilipoaga, akanishika mkono, mara ya kwanza na ya mwisho. Akasema, "Na ule mudogo mwenye jina yangu, umufungulie naye. Usikawie."

Nikasema ndiyo, mama.

Nilirudi Musonoi. Ulikuwa umesimama mlangoni, umenawa. Njia nzima nilikuwa nimepanga: nitamwita, nitamkalisha, nitakula naye. Nikafika, nikakuangalia, nikajiuliza, mtu wa umri huu anazungumza nini? Nitamwambia nini baada ya kumwita? Sikupata neno. Nikasema, "Yambo, mama mukwe." Nikapita pembeni. Nikajiambia kesho. Mwenye buko alikuwa ameshaiondoa, na mimi nikaendelea kuishika peke yangu. Hiyo haikuwa tena desturi, Ngoie. Hiyo ilikuwa mimi.

Kwa hiyo swali lako ulilomjibu nalo Banza, usilipeleke Lubumbashi. Jibu liko hapa Musonoi. Hukunikosea kitu. Uso wako haukuwa na uchafu. Kasome kitu kingine kule, kasome mambo ya watoto wenyewe, usiende kusoma kosa ambalo hukulifanya.

Na wakikufundisha habari za wazazi kama mimi, usinitetee darasani. Ila siku utakapokuwa umekaa mbele ya baba wa mtoto fulani, baba aliyenyooka kama fimbo, anayekuambia mtoto wangu hana shida, muulize anamwita mtoto wake nani. Muulize tu jina. Mimi mtu angeniuliza hivyo zamani, labda ningejisikia nikijibu. Na yule mtoto usimwambie baba yako anakupenda kwa namna yake. Wewe masikio yako yaliambiwa hivyo, "tata anakuheshimu," na ukaenda kunawa.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Nilikuwa nimeshakunja karatasi. Halafu ukatoka na sahani yangu, na nimeifungua tena karatasi baada ya kula, vidole bado vina mafuta, utaona alama hapo pembeni. Ulikuwapo, najua. Nataka tu ujue ilivyokuwa kutoka kwenye kiti changu.

Ulipiga goti, ukaweka sahani, ukaanza kuondoka. Nikasema, "Ikala."

"Tata?"

"Ikala hapa. Tukule."

Uliangalia sahani. Ukaangalia barabarani, kama unatafuta watu wanaokuja na habari. Ukaniuliza polepole, "Tata, nani amekufa?"

Ngoie, hapo ndipo nilipoelewa kabisa. Binti yangu ananisikia namwambia tule, na anatafuta maiti.

Mama yako akatoka mbio na mwiko mkononi. "Kuko nini? Kuko nini?"

"Hakuna mutu amekufa," nikasema. "Nataka kukula na mutoto yangu."

Mama yako akakaa chini palepale kizingitini, mkono mdomoni, mwiko unadondosha bukari kwenye kitenge. Na wewe ukakaa. Ukanawa mikono kwenye beseni langu. Ukamega tonge dogo, ukaliviringisha, na sikuweza kuacha kukuangalia, samahani kama nilikutisha. Unaondoa ngozi ya samaki unaiweka pembeni mwa sahani. Mimi pia naondoa ngozi ya samaki naiweka pembeni mwa sahani! Mama yako amenigombeza kwa jambo hilo tangu tuoane. Kumbe muda wote huu ndani ya nyumba hii kulikuwa na mtu mwingine anayefanya hivyo, na sikujua, maana sijawahi kukuona ukila. Binti yangu, anayekwenda iniversite, sijawahi kumuona akila.

Uliniuliza kama samaki ana chumvi. Nikasema anayo. Nilikuwa bado sijapata neno la kusema, kama siku ile mlangoni, lakini safari hii sikuondoka.

Ndipo king'ora kikalia kariyerini.

Ulikisikia, nilikuona umekisikia. Mkono wako ukasimama kidogo juu ya sahani, halafu ukamega tonge jingine. Ardhi ikaruka, mabati yakatetemeka, kifuniko cha pipa kikalia. Hukupiga kelele. Hukuinua mikono. Hukuniangalia hata usoni kuona kama kuna hatari, ulishajifunza zamani kutoniangalia. Ulitafuna tu, mtu mzima ametulia mwenyewe.

Mimi ndiye niliyesimama. Mimi, Jiwe. Nikaruka sahani, nikaja, nikakushika kichwa nikakiweka hapa kifuani, na vumbi lilikuwa linaanza kufika.

"Tata," ulisema ndani ya shati langu, "mikono yako iko na bukari."

"Najua," nikasema, na sikuitoa.

Umerudi ndani kusuka nywele zako za safari. Nakusikia unamwambia mama yako aache kulia. Nitakupa barua hii mkononi, si kupitia kwa mtu. Na kesho asubuhi, ukishapanda basi na kupata kiti, usiangalie mbele kama ulivyozoea. Geuka, uangalie dirishani. Utakuta uso.

Ni mimi,
tata yako